Wawili wa Sekei

Wiki nzima wapangaji wa nyumba ile ya Ngarenaro, Arusha, walisikilizishwa wimbo mmoja, tena nusu yake. Abdiel alikuwa akirudi kutoka kwenye karakana ya kuchomelea mageti, ananawa mikono, anaketi kwenye kigoda mlangoni pa chumba chake na kuanza kupiga gita la ridhim, lile la kusindikiza. Akifika mahali ambapo gita la solo lilipaswa kuingia, anaendelea na ridhim yake vilevile huku amekaza macho ukutani, mithili ya mtu anayemsubiri mwenzake atoke msalani ili waendelee na safari. Mwenzake hatoki. Abdiel anakatisha, anaanza upya.

Nashilu, muuza maziwa wa chumba cha pili, hakuwa mtu wa kumung'unya maneno. Siku ya Jumatatu alitua ndoo yake akasikiliza mpaka mwisho.

"Baba Aika, huo wimbo una mapengo," akasema.

"Mapengo gani?"

"Mapengo tu. Kuna mtu hayupo humo ndani."

Abdiel akajidai anakaza nyuzi. Yule mama hakujua solo wala ridhim, maishani mwake alikuwa ameimba kanisani tu, lakini alikuwa ameweka kidole penyewe.

Mtu huyo aliyekosekana aliitwa Hans Kaaya, Mmeru wa Kikwe. Walikutana kwenye bendi ya kiwanda, enzi ambazo kila shirika la umma lenye kujiheshimu lilikuwa na bendi yake na timu yake ya mpira. Ukijua kupiga gita unaandikwa fundi mitambo, unalipwa kama fundi mitambo, na mtambo wenyewe hujawahi kuusogelea. Kisha yakaja mageuzi, kiwanda kikauzwa. Mwenye mali mpya alipita na karatasi yake akihesabu: mashine hizi, magari haya, viti hivi, na watu kumi na wanne wenye magita na matarumbeta. Akauliza hawa wanazalisha nini. Meneja mzima, aliyekuwa akicheza muziki wao kila sikukuu mpaka shati linaloa, akaangalia viatu vyake.

Tangu siku hiyo wakaitwa wanamuziki wa kujitegemea. Ni jina zuri, na maana yake ni kwamba huna mtu.

Kumi na wawili wakatawanyika. Wakabaki Hans na Abdiel. Mwaka huohuo Abdiel alikuwa amefiwa na mkewe, na binti yake, Aika, alikuwa amechukuliwa na shangazi yake Mwanza. Hans alikuja msibani siku ya tatu, akamtazama, akamwambia, "We Mmachame, beba godoro lako twende." Wakaishi chumba kimoja kule Sekei, wakipiga kwenye harusi na kipaimara, na watu wakawabandika jina la Wawili wa Sekei. Jina likashika.

Sasa ulikuwa mwaka 1998, mwezi wa nane, na mji mzima ulikuwa umebandikwa matangazo ya Tamasha la Mlima. Bendi zilikuwa zinatoka Nairobi, Dar es Salaam, nyingine Kinshasa. Kampuni ya soda ilikuwa imetoa kofia. Na chini kabisa kwenye tangazo, kwa herufi za kutafutwa, paliandikwa: Wawili wa Sekei.

Aliyewaandika ni Jignesh, aliyekuwa na duka la redio na kaseti mjini na ndiye aliyeleta vipaza sauti vya tamasha. Marehemu baba yake, Dilip, aliwahi kuuza santuri, na Jignesh alikulia humo dukani akiwasikia Hans na Abdiel wakijaribu magita ambayo hawakuwa na uwezo wa kuyanunua. Jumanne alimwita Abdiel.

"Mzee Abdiel, kuna maneno nimesikia," alisema. "Kwamba mmeachana. Mimi nimeandika wawili."

"Hatujaachana. Hans yuko shamba."

"Kwa hiyo Jumamosi atakuwepo?"

"Atakuwepo."

"Maana kama hayupo, kuna dawa. Ninacho kinanda cha umeme, kinapiga solo, kinapiga besi, hata ngoma. Unabonyeza tu."

Abdiel akakitazama kile kinanda kilivyokaa kwenye boksi lake. "Hans atakuwepo," akarudia, akatoka. Alikuwa amesema uongo mara mbili ndani ya dakika tatu. Hans hakuwa amezungumza naye kwa miaka minne.

Na kosa lilikuwa la Abdiel, tuliseme bila kupindapinda. Mwaka 1994, redio za watu binafsi zilipoanza, waliitwa Dar es Salaam kwa mahojiano. Walipiga wimbo wao mkubwa, "Usibishe Hodi," ambao Hans aliutunga peke yake akiwa amelala na malaria, Abdiel akimwekea vitambaa vya maji. Walipomaliza, mtangazaji, binti mcheshi, akasogeza maikrofoni na kuuliza, "Wimbo mtamu kweli, nani mtunzi?"

Maikrofoni ilikuwa mbele ya Abdiel. Akasema, "Mimi."

Hans alikuwa ameketi kwenye kiti cha pembeni, magoti yao yakigusana. Abdiel naye alilisikia neno lile likitoka, akajiambia atalirekebisha swali likija la pili. Swali la pili likawa juu ya mambo mengine, na baada ya hapo wakashukuriwa na kutolewa nje. Ndani ya basi la kurudi, kwa muda wa saa kumi na zaidi, hakuna aliyefungua mdomo. Basi lilipofika Usa River, Hans alinyanyuka, akachukua gita lake, akashuka. Abdiel alimtazama dirishani mpaka basi lilipokata kona. Godoro la Hans lilikaa Sekei miezi sita ndipo ndugu yake akaja kulichukua.

Kwa nini alisema mimi? Alijiuliza swali hilo akichomelea, akila, akinyoa ndevu. Wakati mwingine alijijibu kwamba ni ulimi tu. Alipokuwa mkweli alikiri kwamba kwa nusu dakika ile alitamani sana iwe kweli. Na kila mwaka uliopita uliifanya safari ya Kikwe kuwa ndefu zaidi, ingawa ni mwendo wa asubuhi moja.

Jumatano hakwenda kazini. Alipanda mpaka Sekei, kwa bibi mmoja Mmachame aliyeitwa Fransiska, ambaye uwanja wake ulizungushiwa masale pande zote. Kwa Wachaga, Wamachame wakiwamo, jani la sale si jani tu, na Wameru wanalijua hivyohivyo. Likiletwa mbele yako na aliyekukosea, huna ujanja, unasamehe. Hata kosa liwe la damu, unasamehe, na ukishasamehe hulitaji tena mpaka kaburini.

"Shikamoo, bibi. Naomba sale moja."

"Marahaba. Unampelekea nani?"

"Rafiki yangu."

Bibi akamkata jani zuri, refu, lisilo na doa. Hakumpa mara moja. "Mkosaji hajipelekei mwenyewe, mwanangu. Unatafuta mtu wa kati, anatangulia, anazungumza, mwenye hasira anatapika hasira yake kwa yule mtu. Wewe unakuja baadaye. Una mtu?"

Abdiel akafikiri. Aliwapitisha kichwani watu wote anaowajua mjini Arusha, mmoja mmoja, mafundi wenzake, wapangaji, wazee wa usharika. Mtu ambaye angeweza kumtuma kwa jambo la namna hiyo alikuwa mmoja tu, naye alikuwa Hans.

"Ninaye, bibi," akasema. Huo ukawa uongo wa tatu.

Alishuka kwenye barabara kuu ya Moshi akatembea kwa miguu hadi Kikwe, jani likiwa ndani ya koti upande wa moyo. Kulikuwa na ubaridi wa mwezi wa nane na mlima ulikuwa umejifunika. Njiani alijipangia maneno. Angesema hili kwanza, kisha lile, na la tamasha angelitia mwishoni, kwa upole, kama jambo lililojitokeza tu.

Alimkuta Hans shambani kwenye vitunguu, suruali imekunjwa magotini, akifungulia maji ya mfereji kwa jembe. Alikuwa amenenepa kidogo na kuota mvi masikioni. Aliinua kichwa, akamtambua, na uso wake wote ukabadilika.

"Mmachame!" alifoka. "Wewe! Leo ndiyo umeijua njia ya Kikwe?"

"Hans..."

"Nyamaza! Miaka minne! Ulikuwa umefungwa? Ulikuwa umekatika miguu? Mama yangu amekufa hapa, nimezika, nageuza shingo namtafuta Abdiel, Abdiel hayupo! Unajua nilivyo..."

Alikuwa ndiyo kwanza anapasha koo. Mishipa ilimsimama shingoni, na maji yakawa yanamwagika yanakotaka, yeye hana habari. Abdiel akaingiwa na hofu. Habari ya kifo cha mama yule, aliyekuwa akimfungia ndizi kila akija mjini, ilimpiga kifuani na hakutaka kusikia zaidi. Akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa sale, akalinyoosha mbele kwa mikono miwili.

Hans akanyamaza katikati ya neno.

Alilitazama lile jani muda mrefu. Kisha akachomeka jembe chini, akaisuuza mikono yake mferejini, akaifuta kwenye shati, akalipokea. Kwa mikono yote miwili, kama inavyotakiwa.

"Umeniziba mdomo," akasema taratibu.

"Nilikukosea, Hans. Kule redioni..."

"Basi. Usilitaje. Nimesamehe." Akaligeuzageuza jani vidoleni. "Karibu nyumbani, Bwana Abdiel. Karibu upate chochote."

Abdiel alikuwa amefurahi mno kulisikia neno "nimesamehe" hata lile la "Bwana" lisimwingie vizuri. Lilimwingia baadaye, akiwa ameketi kwenye kochi lenye vitambaa, mke wa Hans, Namelok, akimwekea bakuli la loshoro, mahindi na maziwa ya mgando. Hans alimuuliza habari za Aika. Alimuuliza habari za kazi. Alimuuliza kama mjini mvua zilileta madhara. Alijibiwa, akasema, "Ndiyo, ndiyo," na kumsogezea mgeni sukari. Ukutani lilining'inia gita, limefutwa vumbi vizuri, nyuzi zote sita zipo. Abdiel akaliona akapata moyo.

"Hans, kuna tamasha Jumamosi," akasema. "Tumeandikwa. Wawili wa Sekei. Jina letu liko kwenye tangazo, nenda mjini utaliona. Saa nane mchana, nyimbo mbili tu."

Hans akaweka kijiko chini.

"Kumbe ndicho ulichojia."

"Hapana! Nimekuja kwa lile. Na hili pia. Yote mawili."

"Jumamosi nina zamu ya maji."

"Si unaweza kubadilishana na mtu?"

"Naweza," Hans akasema.

Namelok akachukua bakuli tupu akaenda jikoni, akakaa hukohuko. Nje maji yalisikika yakipita.

"Nikuambie kitu," Hans akasema hatimaye, na sauti yake haikuwa na ukali hata chembe. "Kila gari lilipokuwa likisimama pale njiani, nilikuwa nasema ni huyu Mmachame, amekuja. Nilikuwa nimeyapanga maneno yako yote. Nilikuwa nikutukane, Abdiel. Nikutukane asubuhi mpaka jioni, pengine tungeshikana mashati, Namelok angepiga yowe, majirani wangekuja. Halafu tungechoka, ningekuambia chukua hilo gita tuone kama bado unajua. Miaka minne nilikaa na hayo. Hata nikimwagilia nilikuwa nagombana na wewe. Sikuwahi kuwa peke yangu hapa shambani."

"Nitukane basi. Nipo."

"Kwa mdomo gani? Si umeleta sale?" Akatabasamu kidogo, kwa adabu. "Sikulaumu. Umefanya mambo kiungwana, mtu yeyote hapa Kikwe atakusifu. Tumemalizana, Bwana Abdiel. Sina kitu moyoni juu yako."

Ni neno la kawaida hilo. Watu wakipatana kwa mjumbe husema tumemalizana, wakapeana mikono wakaenda zao wamefurahi. Abdiel naye alipewa mkono, na mkungu wa ndizi juu yake, akasindikizwa mpaka barabarani kama mgeni wa heshima. Njia nzima akawa analirudia lile neno. Kadiri alivyolirudia ndivyo alivyoelewa kwamba ndani yake wamo watu wawili waliokwisha.

Alhamisi alimwambia Jignesh ukweli. Jignesh hakumkaripia. Alikwenda nyuma akaleta kile kinanda, akakiwasha, na sauti ya solo ikatoka imenyooka, safi, haina jasho. Abdiel akasikiliza kidogo, akaomba kizimwe.

"Utapandaje peke yako, mzee? Watu watauliza."

"Waache waulize."

Jumamosi saa nane jua lilikuwa limetoka kwa hasira zote za siku zilizopita. Uwanja ulikuwa umejaa robo tu; wenye akili zao walikuwa wanasubiri jioni, bendi kubwa zianze. Mshereheshaji akatangaza, "Wawiiili wa Sekei!" na akatoka mtu mmoja mwenye gita na koti la zamani. Watu wachache wakapiga makofi, kisha wakasita, wakiangalia ngazi za nyuma kama yupo mwingine anakuja. Kijana mmoja akapaza sauti, "Mzee, wa pili umemla?" Wakacheka.

Abdiel akasogea kwenye maikrofoni.

"Wimbo huu unaitwa 'Usibishe Hodi,'" akasema. "Ametunga Hans Kaaya wa Kikwe. Si mimi. Sikuwahi kutunga hata mstari mmoja wa wimbo huu."

Akapiga. Ubeti wa kwanza akaupita, wa pili akaupita, na kila palipokuwa pa Hans aliendelea na ridhim na kupaacha wazi, watu wakidhani ndivyo wimbo ulivyo. Ubeti wa tatu akapotea. Aliingia mapema, akajikuta vidole vimeshika kodi nyingine kabisa ya gita, akatafuta njia ya kurudi kwa muda ambao kwake ulikuwa mrefu kuliko ile miaka minne. Akaipata, akamaliza. Wimbo wa pili hakuupiga. Akainama, akashuka ngazi.

Nyuma ya jukwaa, karibu na lori la Jignesh, Hans alikuwa amesimama.

Alikuwa amevaa shati la kanisani. Abdiel alisahau kwamba ameshika gita, akataka kukimbia, akajizuia.

"Umekuja!"

"Zamu yangu ilikuwa ya asubuhi," Hans akasema. "Nikasema nipite." Akampa mkono. "Hongera. Umepiga vizuri sana."

"Umesikia nilichosema? Kuhusu mtunzi?"

"Nimesikia. Haikuwa lazima. Yale yalikwisha."

Abdiel akamtazama usoni, akitafuta chochote, hata kijicho, hata kejeli. Huyu ni Hans ambaye aliwahi kusimamisha harusi ya watu Tengeru, bibi harusi yuko katikati ya kucheza, kwa sababu tu Abdiel alikosea kodi moja. Akamsema mbele ya wazazi wa pande zote mbili, akaendelea kumsema ndani ya gari, na kesho yake asubuhi akimimina chai bado alikuwa anamsema. Sikio lile halikuwahi kumwachia kosa.

"Ubeti wa tatu nimeharibu," Abdiel akasema. Ilikuwa kama kuomba.

"Ubeti wa tatu?" Hans akaangalia pembeni, kule watu walikokuwa wakifunga nyaya za bendi iliyofuata. "Mbona ulikuwa mzuri tu. Mimi sikuona kosa."

Hans akatazama saa yake, akasema gari za Usa River zikijaa itakuwa tabu. Akamsalimia Jignesh kwa mbali, akarekebisha kola.

"Haya, Bwana Abdiel. Karibu Kikwe siku moja."

"Ahsante," Abdiel akasema. "Nitakuja."

Wote wawili walijua kwamba hivyo ndivyo watu wanavyoagana.